Fundi wa Daftari Moja

Ukitaka kujua kama fundi aliyeunganisha saraka ya watumishi na jukwaa la data ni hodari, subiri siku mtumishi anapoacha kazi. Ofisa utumishi hufunga akaunti moja, mahali pamoja, kisha huendelea na chai yake. Kama kazi ilifanywa vizuri, milango mingine yote hufuata. Kama ililipuliwa, miezi sita baadaye jina la mtu yule bado linafungua takwimu za mishahara, na hakuna aliyeshtuka.

Nimekaa mara kadhaa kando ya mafundi wa kazi hii. Walio hodari nimewatambua kwa subira: huuliza swali dogo, hulisoma jibu lote, ndipo huuliza jingine.

Saraka ni daftari la watu: jina, idara, vikundi, hali ya akaunti. Kanuni za kwanza za madaftari haya, X.500 za mwaka 1988, zilikuwa nzito kwa kompyuta za wakati ule. Mwaka 1993 Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake wakatoa itifaki nyepesi, LDAP. Toleo lake la tatu, la mwaka 1997, ndilo msingi wa kinachotumika leo, na Active Directory iliyokuja na Windows 2000 inaisikia lugha hiyo.

Upande wa pili lipo jukwaa la data, tuseme Hadoop. Ulinzi usipowashwa, Hadoop humwamini mgeni kwa kauli yake: ukijitaja kuwa mkuu wa mfumo, inakuitikia karibu. Baadaye ikaongezewa Kerberos, iliyozaliwa MIT, ya kudai kitambulisho. Apache Ranger nayo hutunza orodha ya nani aone nini. Fundi ndiye anayefunga uzi kati ya daftari na milango hiyo.

Huanza kwa kuomba akaunti ya huduma isiyo na uwezo wowote ila kusoma. Wapo wanaochukua akaunti ya msimamizi mkuu ili kazi iishe kabla ya mchana. Yeye hakubali nenosiri lenye nguvu kiasi hicho lilale ndani ya faili la mipangilio. Mazungumzo yanayopita poti 389 bila usimbaji yanaweza kusikilizwa njiani, nenosiri likiwemo, basi huhamia 636 na kukihakiki cheti cha seva.

Kisha humtafuta mtu mmoja. Mmoja tu, kwa amri ya ldapsearch, na kila mstari wa jibu huukagua kama mshonaji anavyokagua upindo. Akimpata, hutafuta kikundi kimoja. Ndipo huwaita wote na kuwahesabu. Active Directory, kwa mpangilio wake wa kawaida, haitoi zaidi ya majina 1,000 kwa swali moja. Tuseme shirika lina watu 1,400: asiyehesabu ataona orodha ndefu na kusema imekubali, na watu 400 watabaki nje wakilaumiwa kwamba wamesahau nenosiri. Anayehesabu ataomba majibu kwa kurasa, hadi jumla yake ilingane na ya ofisi ya utumishi.

Mitego midogo ni mingi. Active Directory haijali herufi kubwa na ndogo katika majina ya watumiaji. Linux inajali, na kwake Asha na asha ni watu wawili. Fundi huchagua herufi ndogo tangu siku ya kwanza. Kikundi kikiwa ndani ya kikundi kingine, swali la kawaida la uanachama huishia kikundi cha kwanza, kwa hiyo lazima ahakikishe ngazi zote zimeulizwa. Na zipo saa: Kerberos kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5. Mashine ikichelewa dakika 6, watumiaji wake wote wanaweza kukataliwa, na anayeanza kazi hii atakesha akibadilisha manenosiri. Mzoefu hutazama saa kwanza.

Mtego ninaoustaajabia zaidi ni wa nenosiri tupu. Katika LDAP, ukileta jina na kuacha nafasi ya nenosiri wazi, seva inaweza kujibu kwamba imekubali, maana yake ikiwa imekupokea kama mtu asiyejulikana. Programu iliyoandikwa kwa pupa husikia neno "imekubali" tu, ikamfungulia mgeni kwa jina la mkurugenzi. Ndiyo maana fundi, kabla ya kukabidhi kazi, hujaribu kuingia bila nenosiri, kisha kwa nenosiri la uongo, kisha kwa akaunti iliyofungwa. Nimewaona wakitabasamu zaidi kwa kukataliwa mara tatu kuliko kwa kuingia mara moja.

Ruhusa huzigawa kwa vikundi. Mhasibu akihamishwa idara, hutolewa kikundi kimoja na kuingizwa kingine. Ranger husoma daftari upya kwa zamu yake, na hakuna anayehitaji kumpigia fundi simu.

Hata hivyo, fundi mkweli haahidi kwamba milango hufungwa papo hapo. Tiketi ya Kerberos iliyokwisha kutolewa huishi saa 10 kwa mpangilio wa kawaida wa Active Directory. Kwa hiyo huandika wazi katika hati ya makabidhiano: akaunti ikifungwa asubuhi, mlango wa mwisho unaweza kufungwa jioni, na kama aliyeondoka ameondoka kwa ugomvi, hizi hapa hatua za kumtoa mara moja. Ukurasa huo ndio ninaoufungua kwanza ninapoonyeshwa kazi ya mtu. Ukiukuta, mlipe fundi wako bila kuomba akupunguzie.