Kereng'ende Mwenye Miundi Mipana: Maoni juu ya Utungaji wa Majina ya Wadudu

Neno kereng'ende limebebeshwa mzigo mkubwa katika kamusi zetu. Humtaja mdudu wa majini mwenye mabawa manne, na humtaja pia ndege wa jamii ya kwale. Hilo si kosa, kwani maneno ya namna hiyo yamo katika kila lugha, na msikilizaji hapotei. Tatizo li kwa mdudu mwenyewe. Wataalamu hugawa wadudu hawa mafungu mawili: wakubwa, ambao wakitua huyatandaza mabawa; na wadogo, ambao aghalabu huyakunja juu ya mgongo na ambao macho yao yameachana. Kwetu wote ni kereng'ende, na mwandishi wa kitabu cha shule atakaye kuwatenga hana budi kutunga jina.

Njia mbili humjia mtungaji upesi. Ya kwanza ni kufuata Kiingereza, ambacho humfananisha yule mdogo na mwanamwali. Ya pili ni kumwita kereng'ende mwembamba. Tuzipime kwa jenasi moja, Platycypha, iliyotengwa na Fraser mwaka 1949.

Spishi ijulikanayo zaidi ni Platycypha caligata, aliyeelezwa na Selys-Longchamps mwaka 1853. Huonekana kando ya mito na vijito, tangu Ethiopia hadi Afrika Kusini. Tumbo la dume ni la buluu juu, na miundi yake imetanuka, upande mmoja myeupe na upande wa pili myekundu. Amwonapo jike hucheza hewani mbele yake, akiitanguliza ile miundi ili weupe wake uonekane. Jike hana mapambo hayo. Basi jina la mwanamwali lapotosha, maana aliyejipamba ni dume. Na wembamba nao wapotosha, kwani tumbo la mdudu huyu ni fupi kuliko mabawa yake.

Waliotunga majina ya kisayansi walitazama miguu. Jina la jenasi laanza kwa neno la Kiyunani lenye maana ya upana. Caligata ni aliyevaa viatu vya askari wa Kirumi; rufitibia ni mwenye miundi myekundu; auripes ni mwenye miguu ya dhahabu. Si kwamba Kilatini hakina dosari. Jina pinheyi, la spishi ya Ziwa Tanganyika, lamheshimu mtaalamu Pinhey, lakini halimwambii msomaji neno lolote juu ya mdudu. Twajifunza kwamba jina hufundisha pale tu mtungaji alipokitazama kitu chenyewe.

Kwa maoni yangu, Kiswahili kina neno lifaalo: njuga. Njuga hufungwa mguuni, na mwenye kuivaa hucheza ili atazamwe. Kereng'ende-njuga lingetosha kwa jenasi nzima, na spishi zikapambanuliwa kwa rangi au makao. Atakayepinga atasema kwamba njuga hulia, na mdudu huyu yu kimya. Hoja hiyo ina uzito, wala sitaki kuificha. Ila mguu na mchezo vimo katika neno hili, na katika yale mengine mawili havimo.

Hata hivyo, pendekezo langu lisitangulie jambo moja. Platycypha auripes huishi katika vijito vya misitu ya Tao la Mashariki, nchini Tanzania, na msitu ukikatwa, kijito chake huharibika. Wanaoombwa kuilinda misitu hiyo ni watu wa huko huko, wasemao Kisambaa, Kiluguru na lugha jirani. Mtungaji akae kwanza kando ya kijito na kuwauliza, hasa watoto wachezao majini, humwitaje mdudu huyo. Wakiwa nalo jina, na liingie kamusini, nami nitaifungua njuga yangu bila kinyongo.