Lugha ya Watangazaji wa Mpira

Watangazaji wa mpira ni walimu wa lugha wasio na darasa. Istilahi iliyopitishwa na wataalamu huweza kukaa kitabuni miaka mingi pasipo kutumika. Ile inayotamkwa na mtangazaji alasiri husikika mitaani kabla jua halijachwa. Kwa hiyo, kazi yao yastahili kupimwa kwa makini.

Tuanze na sifa. "Kuotea" ni istilahi iliyofanikiwa, kwani yatokana na tendo la kuvizia, nayo humfafanulia msikilizaji kiini cha kosa. "Kupiga kanzu", yaani kuupitisha mpira juu ya kichwa cha mpinzani, ni picha iliyotoka katika mavazi yetu wenyewe.

Hata hivyo, istilahi ni jina moja la jambo moja, na hapo ndipo tunapoona kasoro mbili.

Kwanza, mambo mawili hupewa jina moja. "Goli" hutajwa kwa maana ya milingoti na pia kwa maana ya ushindi uliopatikana, ilhali tunayo "lango" na "bao". Vivyo hivyo, husemwa "ameotea" kwa kila mchezaji aliyewapita walinzi. Sheria ya 11 ya mchezo huu haisemi hivyo: kuwa mahali pa kuotea si kosa mpaka mchezaji ashiriki katika mchezo. Tungependekeza kutenganisha "mahali pa kuotea" na "kosa la kuotea".

Pili, jambo moja hupewa majina mawili, na hili huletwa na ushabiki. Mgeni akimkwatua mchezaji wetu, "amefanya madhambi". Wetu akimkwatua mgeni, "amemgusa kidogo tu". Neno la msikitini na kanisani limeshushwa uwanjani, tena kwa upande mmoja! Msikilizaji wa redio hana macho mengine ila ulimi wa mtangazaji. Akinyimwa habari ya mpira ulipo, nani anao na dakika ngapi zimesalia, sifa na makelele havitamfaa kitu.

Jambo hili si dogo. Mwezi Agosti 2025 Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, na fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 zimepangwa kufanyika katika nchi hizo hizo. Tangazo moja la Kiswahili laweza kusikilizwa na mashabiki wa timu zote mbili zilizomo uwanjani. Hapo mtangazaji akisema "wetu", atakuwa amemkusudia nani?

Hatusemi mtangazaji asifurahi. Mpira bila furaha ni maiti. Twasema furaha ikae katika sauti, na haki ikae katika maneno. Mabaraza ya lugha na vyombo vya utangazaji havina budi kukaa pamoja mapema, viafikiane orodha fupi ya istilahi kabla filimbi ya kwanza haijapulizwa.