Kitabu cha Puto Lililopita Juu Yetu



Tangu masika yaanze nimekuwa nikiwasomea wanafunzi wa darasa la juu, jioni baada ya kazi ya shamba la shule, kitabu cha Mfaransa mmoja aitwaye Jules Verne. Kilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1863, nacho chaeleza safari ya majuma matano katika puto kubwa, kuvuka bara la Afrika toka mashariki hata magharibi. Mimi hukitazama kwa Kiingereza na kukisema kwa Kiswahili, na pengine ulimi huchelewa nyuma ya macho. Siku ya pili mzee mmoja wa kanisa alisimama mlangoni akasikiliza kitambo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mambo haya yalitukia?" Nikajibu, "Hayakutukia, mzee wangu." Akasema, "Basi wawasomea watoto uongo," akaenda zake taratibu na fimbo yake. Sikuwa na jibu la upesi. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta, na haya niandikayo ni sehemu yake.

Hadithi yenyewe ni hivi. Mwingereza mwenye elimu, Daktari Samuel Fergusson, azimia kuvuka Afrika kwa njia ya hewani, pamoja na rafiki yake mwindaji, Dick Kennedy wa Skotlandi, na mtumishi wake Joe. Wafika Unguja kwa meli, na mwezi wa Aprili mwaka 1862 wapaa kutoka kisiwa kidogo kilicho karibu. Wapita juu ya Kaole, juu ya Uzaramo, juu ya milima ya Rubeho, na Ugogo, hata Unyamwezi. Kisha waelekea kaskazini kwenye Nyanza na mto Nile, wageuka magharibi mpaka ziwa la Chad, na mwisho waanguka kwenye mto Senegal, puto limekwisha hewa kabisa.

Sisi tumezoea hadithi za kuruka. Katika Alfu Lela Ulela yuko farasi wa mpingo. Mtu akizungusha kigingi, farasi huruka, wala hakuna aulizaye kwa nguvu gani. Verne hataki kupita hivyo. Atuambia kwamba puto lake ni mawili, moja ndani ya jingine, ya hariri iliyopakwa utomvu. Kwamba limejazwa hewa nyepesi iitwayo haidrojeni. Na kwamba ndani ya kikapu mna chombo cha kuwasha moto na kuipasha hewa ile, ipate kutanuka na kupandisha puto, kisha ikipoa puto hushuka. Mwanafunzi asikiapo hayo hataki tena kuwa na farasi wa mpingo; ataka kujua hesabu. Hili ndilo jambo la kwanza lililonipendeza. Kweli hesabu yenyewe ina hatari, maana haidrojeni na moto hazikai nyumba moja. Chombo kikubwa cha hewani cha Wajerumani, Hindenburg, kiliungua mwaka 1937 kwa muda usiotimiza dakika moja, wakafa watu 36. Lakini kosa la namna hii laweza kusahihishwa ubaoni, na tulilisahihisha.

Liko kosa jingine la jamaa hiyo. Kennedy ashikwa na homa, na daktari hampi dawa, bali apandisha puto juu ya mawingu mpaka penye hewa safi, na mgonjwa apona. Wanafunzi wangu walicheka sana, maana hata mdogo wao ajua kwamba homa ile yaletwa na mbu. Mimi sikucheka. Verne aliandika miaka 34 kabla ya Ronald Ross kuviona vijidudu vya malaria katika mbu, mwaka 1897. Alisema yale ambayo wenye elimu wengi wa siku zake waliyaamini, wala hakumdhulumu mtu kwa kuyasema.

Sasa nafika penye neno lililonisumbua. Jioni moja nilikuwa nikisoma habari za nyani. Kennedy na Joe wameshuka kuwinda, daktari amebaki kulinda puto lililofungwa mtini, na kwa mbali wenzake waona kundi limemzunguka, wadhani ni watu wa nchi waliokuja kumwua. Wapiga bunduki, wakaribia, kumbe ni nyani. Macho yangu yalitangulia mbele ya ulimi, nikaona mzaha wanaoutamka baada ya hapo: mmoja asema kwamba kwa mbali nyani na wenyeji hawatofautiani sana, na Joe aongeza kwamba hata kwa karibu ni vivyo hivyo. Nilinyamaza. Watoto wakangoja. Nikakohoa, nikaruka mstari, nikaendelea kama kwamba hapakuwa na kitu.

Usiku ule sikulala vema. Nilijiuliza, je, nimewalinda watoto, au nimemlinda Verne? Maana wangeondoka wakimpenda pasipo kumjua, na siku moja mmojawapo angekisoma kitabu mwenyewe, akaufikia mstari ule peke yake, akakumbuka kwamba mwalimu wake alipita hapo akijua. Basi kesho yake niliwaambia kwamba jana niliwanyima maneno mawili, nikawasomea kama yalivyoandikwa. Hawakucheka, wala hawakukasirika kama nilivyoogopa. Kijana mmoja aliuliza, "Mwalimu, huyu alipata kutuona?" Nikasema hapana, aliandika Ufaransa, akisoma vitabu vya wasafiri kama Burton na Speke. Akasema, "Kumbe hakufika hata Unguja!" Wote wakapumua.

Tena hiyo Unguja yenyewe aliikosea. Asema wenyeji waliwakasirikia wasafiri wale kwa kudhani kwamba wanakwenda kulidhuru jua na mwezi, ambavyo ati watu wa Afrika huviabudu; ndiyo sababu puto lilijazwa kisiwani. Watu wa Unguja walikuwa Waislamu karne nyingi kabla Verne hajazaliwa.

Lakini kwetu Unyamwezi ndiko alikozidi. Puto lashuka Kazeh, karibu na Tabora ya leo. Kwa kuwa nchi yaitwa ya mwezi, watu wote wadhani kwamba mwezi wenyewe umeshuka, na wasafiri ni wana wake. Daktari apelekwa kwa mtawala, mzee aliyeharibiwa na pombe, karibu kufa. Mara mwezi wa kweli wachomoza, watu watambua kwamba wamedanganywa, na wasafiri wakimbilia kamba. Mganga mmoja apanda mti kuikamata nanga, akachukuliwa juu pamoja nayo, kisha washushia chini mzima. Kama ni kichekesho, chachekesha; nami nilicheka kwa yule mganga, nakiri.

Hata hivyo babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Alichukua pembe begani toka nchi hii mpaka pwani, akarudi na nguo na habari, na watu kama yeye walikuwa maelfu kila mwaka. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857 waliwakuta wafanya biashara Waarabu, na nyumba, na bustani. Watu waliokwisha kuona bahari na majahazi, na kupatana bei na kila kabila la njiani, wangeliona puto wangestaajabu, ndiyo, nani asingestaajabu? Lakini nadhani mtu wa kwanza kusema angeuliza limebeba nini, na wa pili angetaka hongo ya kupita. Na katika miaka ile ile ya safari ya Fergusson, mtemi wa Unyanyembe, Mnywa Sere, hakuwa kitandani akingoja dawa ya mgeni. Alikuwa vitani na Waarabu, kwa sababu aliwatoza kodi wasiyoitaka. Hadithi hiyo ingekuwa nzuri kuliko ya mwezi. Mwandishi aliyejitaabisha kupima uzito wa kila chombo kikapuni hakujitaabisha kuwapima watu waliokuwa chini yake. Hilo ndilo shitaka langu juu yake.

Mtu ataniuliza, mbona basi hukukitupa? Kwa sababu ya farumi. Katikati ya kitabu wasafiri wamwokoa padre Mfaransa aliyekuwa akiteswa, naye afa mikononi mwao, na wamzika mahali palipojaa mawe ya dhahabu. Joe, maskini wa Mungu, hawezi kuyaacha. Daktari amruhusu kuyapakia yawe farumi ya puto, mahali pa mchanga. Ajaza kikapu, ahesabu mali yake. Kisha puto lakataa kupanda. Sharti atupe jiwe moja. Atupa dogo. Halipandi. Atupa jingine, na jingine, na siku baada ya siku tajiri yule atupa utajiri wake kwa mkono wake mwenyewe, kusudi aishi. Niliposoma hapo darasa lilikuwa kimya kama kanisa, na nje ya dirisha nikaona fimbo ya yule mzee. Na mbele yake, juu ya ziwa la Chad, ndege wakubwa walipolirarua puto likaanza kuanguka, Joe huyo huyo alijirusha majini ili wenzake wapone. Mtu aliyetamka mzaha wa nyani ndiye aliyefanya tendo hili. Wanafunzi walibishana juu yake mpaka giza likaingia, nami sikuwaamulia.

Kwa wapendao kujua: mwaka 1962 Mwingereza Anthony Smith aliondoka Unguja kweli kwa puto la haidrojeni, jina lake Jambo, akavuka bahari mpaka Tanganyika. Na siku hizi watalii huelea asubuhi juu ya Serengeti, wakitazama nyumbu.

Lakini mtu asidhani kwamba hadithi za angani ni za Wazungu tu. Shaaban Robert, katika Kusadikika cha mwaka 1951, aliweka nchi nzima ielee hewani, wala hakueleza kwa hewa gani wala kwa moto gani. Kwa hesabu Verne amshinda. Lakini watu wa Kusadikika wana baraza, na sheria, na waziri mwenye wivu, na mshitakiwa Karama asemaye siku baada ya siku akitetea roho yake; wanena, wajibizana, wakosea kama watu. Nilipokifunga kile cha Verne nikakifungua hiki, nilijiona kama mtu aliyeshuka kikapuni akakanyaga ardhi, ingawa nchi yenyewe haina ardhi.

Juma lililopita niliwapa wanafunzi insha: puto liondoke kilimani petu na kuvuka Ulaya. Wengi waliliangusha baharini, nadhani kwa kuwa wamechoka. Yule kijana aliyeuliza habari za Unguja alilishusha katika mji wa Ufaransa siku ya gulio. Farumi yake ilikuwa magunia ya karanga. Watu wa mji wakakusanyika, mwanamke mmoja akasogea, akaonja moja, akauliza bei. Pembeni mwa karatasi aliniandikia swali: mwanamke huyo aseme Kifaransa, au ampe Kiswahili? Nimeliacha daftari lake mezani, sijaandika jibu bado. Yule mzee aliliona jana alipopita, akaketi akaisoma insha yote, akauliza kama aliuza kwa faida.