Falsafa katika Mwaka wa Mwisho wa Sekondari: Nafasi ya Kiswahili katika Shule za Uvira

Utangulizi

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo falsafa si somo la chuo kikuu peke yake. Mwanafunzi wa sekondari, hasa wa mchepuo wa Kilatini na Falsafa, hukutana nalo kabla ya kufanya Mtihani wa Dola. Katika mji wa Uvira na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, somo hili hufundishwa kwa Kifaransa kwa vijana ambao nje ya darasa hubishana kwa Kiswahili. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotambuliwa na Katiba ya mwaka 2006, lakini hadhi hiyo haijakifikisha katika somo la falsafa. Makala haya yanadai kwamba watetezi wa Kiswahili wenyewe wamekipa kazi mbili zisizotosha: kutafsiri istilahi na kuhifadhi methali. Kazi iliyosahauliwa ni ile ya kuuliza.

Istilahi na methali

Njia ya kwanza ni ya orodha. Hudhaniwa kwamba mara tu tutakapopata maneno ya "metafizikia" na "epistemolojia", falsafa itakuwa imeingia katika Kiswahili. Orodha zina manufaa, lakini mwanafunzi aliyekariri fasili kwa Kifaransa ataikariri vilevile kwa Kiswahili. Mtihani nao huchangia tabia hiyo. Ukiacha insha, sehemu yake kubwa ni ya kuchagua jibu miongoni mwa majibu yaliyokwisha kuandikwa, na falsafa haianzi mahali ambapo jibu limekwisha kuandikwa.

Njia ya pili ni ya urithi. Padri Placide Tempels alichapisha kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu huko Elisabethville mwaka 1945. Mwaka 1956 Alexis Kagame alitumia ngeli za Kinyarwanda kueleza makundi manne ya vitu vilivyopo: mtu, kitu, mahali na namna. Kwa kuwa Kifuliiru, Kivira na Kiswahili ni lugha za ukoo huohuo, mwalimu wa Uvira anaweza kushawishika kuifundisha orodha ya Kagame kama fikra ya wenyeji. Hapo pana hatari. Paulin Hountondji alikwisha kuonya katika miaka ya 1970 kwamba falsafa haiwezi kuwa imani ya kabila zima isiyo na mtu wa kuitetea wala wa kuipinga.

Kiswahili chenyewe kinatoa mfano wa kuipima hoja ya ngeli. Maneno "kipofu" na "kiziwi" yana kiambishi cha vitu, lakini husemwa "kipofu amefika", si "kipofu kimefika". Je, wasemaji humwona kipofu kuwa kitu au mtu? Kama kiambishi kinasema hivi na upatanisho unasema vile, ni kipi kinachoonyesha fikra? Mwanafunzi anayeulizwa hivyo anamsoma Kagame kwa heshima inayomstahili mwanafalsafa, yaani kwa kumjibu.

Eti na kumbe

Mfano wa pili umo katika nadharia ya ujuzi. Kiswahili kinatofautisha kudhani, kusadiki na kujua. Aidha, kina maneno mawili madogo yenye uzito mkubwa: "eti", ambalo humwezesha msemaji kupeleka habari bila kuidhamini, na "kumbe", ambalo hutangaza kwamba dhana ya awali imeanguka. Katika Kiswahili cha Kongo "ati" mara nyingi hutambulisha tu maneno ya mtu mwingine, pasipo shaka yoyote. Tofauti hiyo yenyewe ni somo: ni wakati gani kunukuu ni kukubali?

Historia ya Uvira inatoa zoezi lililo tayari. Mnamo Aprili 1858 Richard Burton na John Speke walifika Uvira wakitumaini kwamba mto Rusizi unatoka ziwani na kuelekea Nile. Wana wa mtawala wa hapo, ambao walisema wameuona mto huo, waliwaeleza kwamba unaingia ziwani. Wageni hawakufika mtoni, na mwaka 1864 Burton alirudi kutetea uwezekano kwamba maji hutoka upande wa kaskazini. Ilipofika Novemba 1871, Livingstone na Stanley waliufikia mlango wa mto kwa mtumbwi, wakaona maji yakiingia. Kumbe wenyeji walikuwa wamesema kweli miaka 13 kabla.

Mwanafunzi hapaswi kujifunza hapa kwamba la kusikia ni uongo, wala kwamba la mwenyeji ni kweli daima. Anapaswa kuuliza: aliyesema aliona au alisimuliwa? Ana faida gani kuaminiwa? Aliyekataa ushahidi alikuwa na sababu gani, na je, sababu hiyo ilikuwa hoja au tamaa?

Pingamizi

Itasemwa kwamba mtihani uko kwa Kifaransa, na kwamba Kiswahili nacho si lugha ya kwanza ya kila mtoto wa mwambao huo. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo, hakuna anayedai kwamba Kifaransa kiondolewe. Hoja iliyofumwa kwa Kiswahili inaweza kuandikwa baadaye kwa Kifaransa, na insha itapata nguvu kwa sababu mwandishi anajua anachotetea. Kwa upande wa wale wanaosema Kifuliiru au Kibembe nyumbani, Kiswahili ndicho uwanja wanamokutana na wenzao.

Hitimisho

Suala hili linavuka mipaka ya ufundishaji. Mji wa Uvira ulitekwa katika vita vya Oktoba 1996, na tangu hapo eneo hilo limepitia vita vingine. Katika mazingira hayo neno "mwenyeji" linaweza kumlinda mtu au kumwangamiza. Sheria ya uraia ya mwaka 1981 ilitazama makabila yaliyokuwa nchini mwaka 1885, ilhali ile ya mwaka 2004 inatazama yale yaliyokuwamo wakati wa uhuru, mwaka 1960. Neno ni moja, masharti ni mawili, na maisha ya watu yako kati ya tarehe hizo. Kijana anayemaliza sekondari bila kuwahi kuuliza kwa lugha anayobishania ni nini kinachomfanya mtu awe mwenyeji, na nani aliyeweka sharti hilo, ataletewa jibu na wengine, nalo litamfikia kama uvumi. Somo la falsafa linaweza kumfundisha kuusimamisha uvumi huo kwa neno moja, "eti?", kisha kudai ushahidi.