Kichocheo: Neno Moja, Mizigo Mitatu

Imekuwa desturi ya wafasiri wetu kulitumia neno kichocheo popote palipo na kitu kinachosukuma kingine. Homoni ni kichocheo. Kiamshacho neva ni kichocheo. Na katika kemia, kile kiharakishacho mmenyuko pasipo kuliwa nao, nacho ni kichocheo. Hatuoni kwamba hali hii yafaa kuachwa.

Tuchukue karafuu ya Mkuyuni au Kinole, katika miteremko ya Uluguru. Mafuta yake yana eujenoli, ambayo mkiani mwake mna kifungo maradufu baina ya kaboni mbili, kama zilivyo olefini. Kwa kichocheo cha rutheni, cha aina iliyomfanya Robert Grubbs ashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2005 pamoja na Yves Chauvin na Richard Schrock, molekuli mbili hukatika kwenye kifungo hicho na kubadilishana nusu zao, mithili ya wacheza ngoma wabadilishanao wenzi. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba kichocheo ni homoni ataelewa nini hapa?

Tungeweza kushauri kichapuzi, ila mchapuko umekwisha kuwa mali ya fizikia. Tena jikoni, kijiti cha kuchochea si kuni, lakini moto hukolea kwacho. (Kweli, ncha yake huungua kidogo kidogo, rutheni nayo huchakaa baada ya mizunguko mingi.) Basi kichocheo wabaki nacho wanakemia. Waandishi wa biolojia na afya watumie homoni, neno ambalo wauguzi wamekwisha kulizoea, na vitabu vya kiada visahihishwe katika chapa zijazo.