Majaaliwa na Hiari katika Kinjeketile

Wako waisomao tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), wakaiona kuwa kisa cha mtu aliyekokotwa na majaaliwa: pepo Hongo alimpanda, imani ya maji ikaenea, vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vikafuata. Sisi hatuafiki. Kweli, kupagawa hakukuwa hiari yake, na vita vilianza kabla hajatoa amri. Lakini mwishoni mwa mchezo, Wajerumani wanamtaka akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Moyoni ana shaka. Hata hivyo anakataa kutamka, kwani kukiri kwake kungewarithisha watoto aibu badala ya ari. Hongo alimtwika mzigo bila ridhaa yake. Namna ya kuubeba aliichagua mwenyewe, akiwa kifungoni.