Pembe za Udongo

Nje ya nyumba moja huko Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, simba wa udongo anakauka juu ya kipande cha bati. Ni yule Simba wa filamu ya katuni ya mwaka 1994, iliyochukua baadhi ya majina yake katika Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa. Kijana aliyemfinyanga alimwona kwenye kibanda cha video. Nikamsifu. Akatikisa kichwa.

"Simba haina kazi, baba. Haina pembe."

Kazi, kwake, ni ng'ombe wa Ankole, yule ambaye sanamu yake kubwa imesimama Mbarara mjini. Wa kijana huyu anaenea kiganjani. Udongo ameuchimba bondeni, akaupekua kwa vidole mpaka kijiwe cha mwisho, kisha akauchanganya na unga wa gae aliloliokota kwa jirani mfinyanzi wa vyungu. Mfinyanzi hulia gaeni, tunasema, kwa kumhurumia. Lakini gae lililosagwa ndilo linalopunguza kunywea kwa udongo mpya na kuupa mvuke njia ya kutokea motoni. Kumbe ni akiba.

Shida iko shinani mwa pembe. Pembe ni nyembamba, hukauka upesi. Kichwa ni kinene, bado kibichi. Kimoja kimeshanywea, kingine hakijaanza, na ufa hutokea pale pale vilipoungwa. Kwa hiyo kijana huzivika pembe kitambaa chenye maji na kuuacha mwili upigwe na upepo. Asubuhi na jioni hukilowesha tena. Leo ni siku ya nne.

Viwanda vinavyotengeneza sanamu za kauri za wahusika wa katuni, zile chache zenye namba chini ya nyayo ambazo wakusanyaji huzifungia kabatini, vinapambana na jambo hilo hilo. Udongo laini kama uji humiminwa katika kalibu ya plasta. Plasta hunywa maji, utando hushika ukutani, uji uliobaki humwagwa. Mkono na sikio hutoka katika kalibu zake, vikaungwa kwa uji ule ule. Kisha tanuri, joto linaloweza kupita nyuzi 1,300. Katika joto hilo kauri hulegea na kunywea, basi mkono ulionyooshwa huwekewa mhimili wa udongo wa aina ile ile, vinywee pamoja. Meissen, Ujerumani, wanafanya kazi ya kauri tangu 1710. Na kaolini, udongo mweupe unaozaa kauri, upo hata Mutaka, pande za Bushenyi, ng'ambo ya Mbarara.

Moto wa kijana huyu utakuwa ule wa jirani, siku atakapochoma vyungu vyake. Nilimuuliza ni lini. Akafunua kitambaa, akagonga shina la pembe kwa ukucha, akainamisha sikio.

"Bado," akasema, akaenda kuchota maji.